Bawaba ya Goti

Wodi ya Wanawake, Hospitali, Nairobi
Jumapili, 4 Machi 1956

Baba mpendwa,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa maneno "mimi ni mzima, hofu ni kwako." Leo nimeyaacha, kwa sababu si kweli, na barua hii nataka iwe ya kweli.

Jibu limekuja. Kile kipande kidogo walichokitoa gotini mwezi uliopita kimetazamwa kwa hadubini, na Bwana Daktari ameniambia mwenyewe, kwa Kiingereza cha polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Kuna uvimbe ndani ya mfupa wa paja la kulia, mwisho wake wa chini, pale unapokutana na goti. Si ule unaotembea mwili mzima na kuua. Amesema "mara nyingi si huo." Lakini unakula mfupa kutoka ndani. Ameiinua picha ya eksirei dirishani nikaona kwa macho yangu: mfupa umebaki ganda jembamba kama la yai. Ndiyo maana goti limevimba tangu Agosti, na ndiyo maana nilipokuwa nashuka ngazi za bweni nilisikia kitu kimelia ndani.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kukata mguu juu ya goti na kuvaa mguu wa mti. Amesema ndiyo ya haraka, na madaktari wengi wangeichagua. Ya pili ni kuondoa mfupa ulioliwa peke yake, kuchukua kipande kirefu cha mfupa kutoka muundi, yaani mfupa wa mbele chini ya goti, wa mguu wa kushoto, kukipachika kwenye pengo, na kupitisha chuma ndani kutoka paja hadi muundi ili vyote vishikane. Halafu plasta kutoka kiunoni hadi vidoleni, miezi sita, labda tisa. Mguu utabaki wangu.

Mimi nataka njia ya pili. Nimejaribu sentensi hiyo mara tatu kwenye karatasi nyingine, kwa sababu sijawahi kukwambia "nataka."

Sijafika umri wa kuweka sahihi mwenyewe. Karatasi ya idhini nimeiambatanisha. Chumba cha upasuaji kimewekwa tarehe 10 Aprili, na ikiwa karatasi haijarudi kufikia Pasaka, nafasi hiyo atapewa mgonjwa mwingine.

Najua huingii humu. Uliponifikisha getini ukampa Kanini sanduku langu, nilitaka kukuuliza sababu, nikashindwa. Kanini, anayefagia wodi yetu, anakaa hapo Riruta nyuma ya kanisa. Yeye ndiye atakayekuletea barua hii.

Mimi binti yako mtiifu,
Nanjala


Riruta
9 Machi 1956

Nanjala,

Barua nimeipata. Ninaandika kwa Kiswahili hiki cha jeshini, maana ndicho nilichofundishwa kushikia kalamu. Nikikosea usinirekebishe kwa wino mwekundu kama ulivyofanya Krismasi.

Nakataa. Nakataa ya kwanza na nakataa ya pili.

Umetaka kuuliza, basi nakwambia. Ulikuwa na miaka sita. Mdogo wangu Dalmas aliangukiwa na gogo mguuni penye kiwanda cha mbao. Nilimfikisha hospitali hiyohiyo. Nikapewa karatasi, nikaambiwa weka sahihi hapa, mguu ukikatwa ataishi. Nikaweka. Siku ya kumi na tisa nilimtoa katika sanduku nililolipiga randa mwenyewe. Mguu wake sikupewa. Tulimzika nusu. Tangu hapo geti hilo silivuki na karatasi yao siigusi.

Na huo mfupa wa kushoto. Fundi anayevunja kiti kizima ili atengeneze kibovu, mimi namfukuza siku hiyohiyo. Mwisho wake utakuwa na viti viwili vibovu.

Nimesema na dereva wa basi la Busia. Ni Ijumaa ijayo, tarehe 16, saa mbili asubuhi. Bibi yako Kukhu Philister anamjua mzee wa mifupa kule kwetu Samia, amenyoosha migongo na magoti ya watu wengi. Funga sanduku. Kanini atakutoa mpaka getini, mimi nitakuwa nje na teksi.

Baba yako,
Zedekiah Were, seremala


Wodi ya Wanawake
Jumatatu, 12 Machi 1956

Baba,

Sitakuja Ijumaa.

Habari ya baba mdogo Dalmas imeniliza mpaka Sista akaja kunipima homa. Sikujua. Nilidhani alikufa kwa malaria, ndivyo Kukhu alivyosema. Lakini, Baba, yeye walimkata. Mimi ninaomba nisikatwe.

Munyiva wa kitanda cha pili, mama wa Machakos aliyekanyagwa mguu na lori, aliniambia nimsomee barua yako. Nikamsomea.

"Haya," akasema, "sasa chukua kalamu uandike 'ndiyo, Baba.'"

"Naandika hapana."

"Wewe! Wewe uliyeletewa juzi uji wa mtu mwingine, umepoa, ukaunywa wote na kusema asante?"

Wodi nzima ilicheka. Hata mimi nilicheka, lakini kalamu niliichukua, na unaona nimeandika nini.

Unakumbuka benchi la mbele kanisani, lililoliwa na dumuzi? Nilikuwa na miaka kumi, nikakushikia jiriwa ya kubana mbao. Mzee wa kanisa alitaka mguu wa benchi ukatwe wote, liwekwe tofali. Ulimwambia, "Tofali si mguu." Nakumbuka kwa sababu ndiyo siku pekee niliyokusikia ukimjibu mzee wa kanisa. Ukakata pale palipoliwa tu. Halafu ulikwenda benchi la nyuma, ukachukua kipande cha ubao wa chini, ule usiobeba mzigo, mvule uleule, ukakipachika. Benchi la nyuma linakaliwa mpaka leo, na wanaolikalia ni wanene.

Hukuvunja kizima. Ulijua mahali penye ziada. Bwana Daktari anasema muundi nao una ziada upande mmoja, na akiichukua mfupa utajijaza wenyewe baada ya miezi. Benchi la kanisa haliwezi kufanya hivyo. Kwa hiyo yeye ana bahati kukuzidi wewe, na bado wewe uliweza.

Nimekuchorea nyuma ya karatasi hii jinsi atakavyopachika. Ukija na teksi nitashika kitanda kwa mikono miwili. Ni cha chuma, nacho ni kizito.

Binti yako,
Nanjala


Riruta
16 Machi 1956

Nanjala,

Basi limekwenda. Kiti chako amekikalia mama mmoja na kuku wawili.

Usifikiri nimekubali. Sijakubali. Lakini mchoro wako ni wa mtu asiyejua kiungo, na siwezi kukataa vizuri kitu ambacho hakikuchorwa sawasawa. Muulize huyo daktari haya.

Dumuzi haishii pale tundu linapoonekana. Atakata inchi ngapi kupita tundu? Kipande cha kupachika atakiweka nyuzi zake zikifuata nyuzi za mfupa, au atakilaza kinyume? Kinyume kitapasuka. Ncha zake atazipachika ulimi na tundu, au atazigusanisha tu kama mvivu? Gundi ni nini? Jiriwa ni ile plasta peke yake? Na kama itakaza vibaya, ataibomoa au atasema ni mapenzi ya Mungu?

Tena. Umechora chuma kinapita kutoka paja mpaka muundi, kimoja, kama mwiko wa ugali. Chuma kinachopita penye goti lazima kiwe na bawaba. Hukuichora. Nadhani umesahau.

Nimekufungia bawaba moja katika kitambaa cha bluu. Ni ya shaba. Niliitafuta jozi hiyo katika duka la vyuma la Bazaar kwa ajili ya kabati la bibi mmoja wa Karen, naye akataka za chuma zinazong'aa, nikabaki nazo. Haipati kutu. Mwonyeshe Bwana Daktari. Mwambie asiweke ya chuma, kwa maana mwilini mna maji.

Baba yako,
Z. Were


Wodi ya Wanawake
Jumatano, 21 Machi 1956

Baba,

Nimeuliza.

Bwana Daktari hupita Jumanne na kundi la watu: madaktari vijana watano, Sista, na manesi wawili wanaosukuma kigari cha mafaili. Huzungumza juu ya goti langu kana kwamba mimi nimekwenda sokoni nikaliacha. Walipotaka kwenda kitanda cha pili nikasema, "Samahani, bwana, nina maswali." Sauti ilitoka ndogo. Hakuna aliyesikia ila Munyiva, naye akapiga kelele, "Huyu mtoto anasema!"

Wakageuka wote. Nikaishika karatasi yako kwa mikono miwili nikasoma la kwanza, la inchi. Sista akasema, "Nanjala, daktari ana kazi." Sikumtazama. Nikasoma la pili, la nyuzi. Hapo Bwana Daktari aliketi juu ya kitanda changu, jambo ambalo Sista hutukataza hata sisi wenyewe.

"Nani amekufundisha kuuliza haya?"

"Baba yangu. Ni seremala."

Akatoa kalamu, akachora nyuma ya bahasha ya eksirei. Nakuletea bahasha yenyewe. Atakata inchi moja na nusu kupita tundu. Nyuzi zitafuata nyuzi. Ncha moja ataitengeneza ulimi uingie ndani ya mfupa, nyingine ataifunga kwa skrubu. Gundi ni damu yenyewe na siku. Jiriwa ni plasta na kile chuma. Swali la mwisho alilijibu kwa hesabu. Alisema amefanya upasuaji huu mara tano. Watatu wanatembea. Mmoja mfupa ulikataa kushikana, akakatwa mguu baadaye. Wa tano alikwenda Mombasa na haandiki. Alisema, "Mwambie baba yako sijui kama utakuwa wa nne au wa pili." Niliwaza kukuficha hilo. Nimeliandika.

Halafu nikampa bawaba.

Aliifungua, akaifunga, akaifungua tena. Wale vijana watano walitaka kucheka, akawatazama wakaacha. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hujamwambia?"

Baba, sikukwambia. Niliandika kwamba nataka barua ya kweli, nikaruka kitu kikubwa kuliko vyote. Hakuna bawaba. Goti lenyewe linaondolewa. Paja na muundi vitakuwa mfupa mmoja, na mguu wangu hautakunjika tena mpaka nife. Utakuwa mfupi kwa inchi moja hivi. Nitaketi ukiwa umenyooka mbele yangu. Na sitapiga magoti. Sitapiga magoti kumpa Kukhu maji, wala kanisani, wala mbele ya wazee wowote watakaokuja siku moja kuniulizia. Unajua watakavyosema kule Samia juu ya msichana anayewapa wakubwa maji akiwa amesimama wima.

Nilificha kwa sababu niliogopa utasema afadhali mguu wa mti, ule una bawaba, unaweza kupiga magoti. Munyiva, aliyekatwa, ameonyeshwa wa kwake, na kweli unakunjika.

Ukikataa sasa, kataa ukijua yote. Na mimi nikisema nataka, nasema nikijua yote. Nataka mguu wangu, mgumu, mfupi, wangu.

Nanjala


Wodi ya Wanawake
Ijumaa Kuu, 30 Machi 1956

Baba,

Siku tisa.

Kanini anasema uko nyumbani na huumwi. Anasema, "Huyo mzee yako anapiga randa tu. Hakuna kitu anatengeneza. Mbao iko nene asubuhi, jioni imekuwa karatasi." Nilimwambia akuulize kama kuna jibu, akasema amekuuliza nawe ukamuuliza kama mvua imenyesha mjini.

Rafiki yangu wa darasani, Wahu, ameniletea daftari za jiografia na hesabu kwa mkono wa mjomba wake, kwa sababu yeye, kwa amri hizi za Hali ya Hatari, hana kibali cha kutoka Waithaka. Nimenakili masomo ya wiki nne. Nakwambia ili ujue kwamba sijalala hapa nikingoja huruma.

Sitaomba tena. Lakini kama ni hapana, usiipeleke kwa Kanini. Njoo uniambie kwa mdomo wako, hapa kando ya kitanda. Kutoka getini ni hatua mia moja na arobaini, Kanini amezihesabu.

Nanjala


Riruta
Sikukuu ya Pasaka, 1 Aprili 1956

Nanjala,

Leo kanisani wakati wa maombi watu wote walipiga magoti. Mimi nilibaki nimesimama. Nilitaka kuona inakuwaje.

Mzee wa kanisa alinivuta koti. "Zedekiah, umepatwa na nini?" Nikamwambia, nimesimama. Akasema, "Piga magoti, bwana, watu wanatazama." Nikamwambia, kama wanatazama basi hawaombi. Nilisimama mpaka Amina. Paa halikuanguka. Niliona visogo vya watu wote, na niliona lile benchi. Kiungo hakionekani hata ukijua kilipo.

Ni kweli nilifikiria mguu wa mti. Nilifikiria siku tisa. Mimi naweza kuutengeneza mguu wa mti mzuri kuliko wa hospitali, na bawaba yake isingelia. Halafu nikakumbuka nani alisema tofali si mguu.

Karatasi hii hapa. Jina nimeliandika lote. Mwambie Bwana Daktari inchi moja na nusu ni uchoyo, akate mbili. Mwambie pia simjui, na ninamtazama.

Tarehe 10 nina kazi Karen, napachika milango minne. Siwezi kuiacha. Usinitegemee.

Baba yako,
Zedekiah Were


Wodi ya Wanawake
2 Mei 1956

Baba,

Naandika nikiwa nimelala chali, karatasi juu ya ubao niliopewa na Bwana Daktari, kwa hiyo mistari inapanda mlima.

Wamekata mbili kasorobo. Amesema umemshinda kwa robo.

Sijaandika mapema kwa sababu ya homa. Kidonda cha kushoto kilitoa usaha wiki ya kwanza, na usiku na mchana vilikuwa kitu kimoja. Munyiva anasema nilikuwa nasema Kiingereza kwa ukali mwingi, na kwamba nilimwita Sista kwa jina lake la kwanza. Sasa homa imeondoka. Niko ndani ya plasta kuanzia kiunoni hadi vidole, na vidole vyote vitano vinacheza nikiviamuru. Mguu wa kushoto unauma kuliko wa kulia. Ulisema viti viwili vibovu, na kwa sasa ndivyo ilivyo, lakini vyote viwili ni vya kwangu na viko hapa.

Bawaba nimerudishiwa. Iko chini ya mto.

Kanini ameniambia jambo. Nalinakili kama alivyolisema: "Hiyo siku yako ya kupasuliwa, mzee moja alisimama kwa geti na baiskeli kutoka saa moja. Askari akamwambia, mzee kaa hapa kwa benchi. Akasema, hapana, hii benchi mguu yake inacheza, nani alitengeneza? Saa sita bado yuko. Saa kumi nikatoka kumwambia umeamka. Akatoa kofia, akapanda baiskeli, akaenda, hata asante hakuna."

Milango ya Karen ilikuwaje?

Nanjala


Riruta
20 Mei 1956

Nanjala,

Milango ya Karen ilikuwa mizito. Uliza mambo mengine.

Usichungulie ndani ya plasta. Gundi ikitazamwa haikauki.

Baba


Wodi ya Wanawake
Ijumaa, 14 Desemba 1956

Baba,

Plasta ya tatu na ya mwisho imetoka Jumatatu. Mguu umekuwa mwembamba kama wa korongo na una magamba, na Munyiva, aliyekuja kwa kliniki na mguu wake wa mti, aliutazama akasema, "Hii ndiyo uliyotukania Sista?" Lakini picha ya eksirei imeonyesha kipande kimeshika juu na chini. Mstari wa kiungo umefifia. Bwana Daktari aliwaita wale vijana waje wautafute, wawili wakakosea.

Mimi ni wa nne, Baba. Natembea kwa gongo moja kutoka kitandani hadi dirishani na kurudi. Nachechemea. Mguu unapita kwa kuzunguka, kama mlango. Natoka hapa Jumamosi tarehe 12 Januari.

Sasa jambo baya. Mwalimu mkuu ameandika. Amesikitika sana, kwa maneno mazuri. Anasema madawati ya darasa letu yamefungwa na viti vyake, ubao wa mbele unafika chini, kwa hiyo mguu usiokunjika hauna pa kupita. Anasema katika ibada wasichana wote hupiga magoti, na mmoja akisimama wima itawavuruga wengine. Anaona ni vyema nikapumzike nyumbani nijifunze kushona.

Nilikaa na barua hiyo siku mbili. Ningekuwa yule wa mwaka jana ningeandika asante. Nimemwandikia kwa Kiingereza, na hapa nakupa kwa Kiswahili:

"Mwalimu mkuu mpendwa, nashukuru kwa masikitiko yako. Nimelala chali miezi minane na nimemaliza masomo ya mwaka mzima katika daftari za rafiki yangu, pamoja na zoezi la ishirini na mbili la aljebra ambalo darasa liliruka. Sijui kushona na sitaki kujifunza. Katika ibada nitasimama nyuma kabisa, na nitafumba macho. Anayenitazama mimi ndiye atakayekuwa amefumbua ya kwake. Shule inafunguliwa Jumatatu tarehe 21 Januari. Nitakuwa mlangoni saa mbili kasoro robo."

Barua imekwenda posta leo, siwezi kuirudisha. La ibada nimelijibu, lakini la dawati sina jibu. Nitaketi sakafuni ikibidi.

Nanjala


Riruta
Jumapili, 6 Januari 1957

Nanjala,

Hutaketi sakafuni.

Shangazi yako Hannah amefika kutoka Samia na maneno ya Kukhu. Anasema ukitoka hospitali lazima uwapigie wakubwa magoti, wamshukuru Mungu juu ya kichwa chako, ndiyo desturi. Nikamwambia goti hilo halipo, liliondolewa kwa sahihi yangu. Akasema, "Basi ainame sana, jamani, watu watasema umelea mtoto wa kiburi." Nikamwambia: mtoto huyu amesimama. Anayetaka kusalimiwa naye, ainuke. Alikunywa chai yote. Halafu akainuka pale pale, akajaribu kusalimia hewa akiwa amesimama. Akasema si vigumu. Kukhu naye ataambiwa hivyo.

Dawati liko tayari. Ni mvule. Kiti ni mbali kidogo na ubao, nimepima kwa gongo lako la zamani, lile ulilotembelea kabla ya hospitali. Upande wa kulia sikufunga. Nimeweka ubao unaoshuka. Unaushusha, mguu unapita umenyooka, unaupandisha, unaandika. Mguu haukunjiki, basi dawati litakunjika.

Jumatano nilikwenda shuleni kwenu. Mwalimu mkuu hakuwapo. Niliomba kupima mlango wa darasa, mpishi akanishikia futi. Ni inchi thelathini na mbili. Dawati ni ishirini na nane. Linaingia. Tarehe 21 tutalisukuma kwa mkokoteni mimi na wewe, na tukiambiwa halina nafasi nitamwuliza ni inchi gani inayokosekana.

Limebaki jambo moja. Ule ubao unashuka kwa bawaba mbili. Nimefunga moja. Ya pili ya jozi hiyo unayo wewe chini ya mto, na nyingine kama hiyo Bazaar hawana, nimewauliza wote.

Jumamosi usimpe Kanini aniletee. Usitoke getini. Ngoja hapo kitandani, nitazihesabu mwenyewe hizo hatua. Nitakuwa na bisibisi mfukoni.

Baba yako,
Zedekiah Were